"Saa iko sawa, shida itakuwa gesi": historia fupi ya saa za Tanga, kutoka magharibi hadi BMS

Tuseme umekabidhiwa jengo jipya la ofisi pale Tanga mjini, ghorofa nne, si mbali na bandari. Lina viyoyozi, taa za korido zinazojiwasha zenyewe, pampu za maji, jenereta, milango ya kadi, na kwenye chumba cha umeme kuna kompyuta ndogo inayovipangia vyote hivyo zamu: washa hiki, zima kile. Mafundi wanauita mfumo wa usimamizi wa jengo, au BMS kwa kifupi. Sasa ni saa mbili asubuhi. Wafanyakazi wanaingia, jasho linawatoka, viyoyozi kimya. Unamwita fundi. Anafungua kabati, anatazama kioo cha kidhibiti. Kimeandika 02:00. Anawaza kidogo, kwa Kiswahili kama unavyowaza wewe, kisha anafunga kabati. "Bosi, saa iko sawa. Shida itakuwa gesi."

Saa haiko sawa. Iko nyuma kwa saa sita kamili, na kilichosababisha ni alama moja ya kutoa ambayo aliyeseti mfumo hakuiandika. Jengo hili nimelibuni ili tuwe na mahali pa kusimama, ila kosa la aina hiyo liko jirani sana na mtu yeyote anayeseti vifaa hivi. Na kilichonivuta mimi si kosa lenyewe, ni sura yake. Katika miji mingi duniani saa iliyopotea kwa saa sita ingegundulika siku ya kwanza. Tanga inaweza kukaa miezi, maana kila anayeitazama anaona namba aliyoizoea tangu utotoni. Hiyo namba imefikaje hapo? Ni safari ndefu kidogo, na inaanzia magharibi.

Siku iliyoanza jua linapozama

Edward Steere, mmisionari Mwingereza wa Unguja, alitoa mwaka 1870 kitabu cha kuwafundisha wageni Kiswahili, na humo anawaeleza jambo ambalo bibi yako wa Pangani hahitaji kuelezwa: siku huanza jua linapozama. Ndiyo maana watu wa zamani wa pwani waliposema usiku wa Ijumaa walimaanisha usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ule ambao leo tunautaja kwa kuzunguka, "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa". Saa za ukutani na za mfukoni zilipoingia Unguja na miji ya Mrima, kuzirekebisha hakukuhitaji mtaalamu. Jua likizama, mishale inawekwa kwenye kumi na mbili. Lisaa limoja baadaye ni saa moja usiku. Kwisha.

Utaratibu huu ungewatesa watu wa London, ambako mchana mrefu wa Juni unauzidi ule mfupi wa Desemba kwa zaidi ya saa nane. Tanga iko digrii 5 tu kusini ya ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka mzima ni kama nusu saa na dakika chache. Kwa hiyo ukihesabu kutoka jua kuzama au kutoka jua kuchomoza, unafika palepale: saa sita ni katikati ya mchana, saa kumi na mbili ni mwisho wake. Si Waswahili peke yao waliolijua hilo. Waethiopia wanahesabu hivyo mpaka leo. Na kama umesoma Injili, utakumbuka ile saa ya tatu, ya sita na ya tisa katika habari za kusulubiwa. Msomaji wa Kiswahili anazielewa moja kwa moja kuwa asubuhi, adhuhuri na alasiri, wakati Mzungu anahitaji maelezo chini ya ukurasa.

Naomba tusiite hii "saa ya kienyeji" kwa ile sauti ya huruma. Ilikuwa na watetezi hata mezani pa wakubwa. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, Marekani, kuamua longitudo ya sifuri ipite wapi. Bara la Afrika liliwakilishwa na Liberia tu. Sultani Barghash wa Zanzibar, ambaye Tanga ilikuwa chini yake, hakuwa na mjumbe. Muda mfupi baada ya mkutano, Carl Peters alishuka Unguja kuanza safari yake ya kukusanya mikataba bara. Lakini Dola ya Uturuki ilikuwepo, na mjumbe wake Rustem Effendi aliwaambia wenzake kwamba kwao kuna hesabu mbili za saa: moja ya Kifaranga, ya usiku wa manane hadi usiku wa manane, na nyingine ya Kituruki, ya kuzama jua hadi kuzama jua. Akaeleza kwamba watu wake wengi ni wakulima, wanatazama jua, na sala zao zinafuata jua, kwa hiyo hawataiacha. Ungedhani anaizungumzia Pangani.

Mkutano ulichagua Greenwich. Kuna azimio moja zaidi ambalo watu hawalikumbuki: kwamba longitudo zihesabiwe pande mbili kutoka Greenwich, mashariki iwe alama ya kujumlisha na magharibi alama ya kutoa. Lilipita kwa shida, kura 14 dhidi ya 5, wengine wakajizuia. Lishike hilo kichwani, tutalihitaji tukirudi kwenye lile kabati.

Reli inakuja na dakika zake

Tarehe 1 Aprili 1893 sheria mpya ilianza kazi Ujerumani: nchi nzima saa moja. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na jua lake, na watu wa reli walikuwa wamechoka. Mwaka huohuo wa 1893, kazi ya kujenga reli ilianza Tanga. Muheza ilifikiwa 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911.

Kwa nini reli inajali? Fanya hesabu ndogo. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, kwa hiyo kila digrii moja ya longitudo ni dakika nne za jua. Tanga iko kama digrii 39 na dakika 6 mashariki. Moshi iko kama 37 na dakika 20. Jua likiwa utosini Tanga, Moshi bado dakika saba. Kwa mkulima dakika saba si kitu. Kwa treni mbili zinazokuja uso kwa uso kwenye njia moja, na moja inatakiwa kuingia pembeni kwenye stesheni kusubiri nyingine ipite, dakika saba ni nyingi kuliko unavyodhani. Treni haiwezi kuuliza jua la kila stesheni. Inahitaji saa moja kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho.

Ukitaka mfano wa sasa, utazame Chongoleani, kidogo tu kaskazini ya mji. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, limepangiwa kuishia hapo, kilomita 1,443. Jua la Hoima liko nyuma ya jua la Tanga kwa nusu saa na dakika moja. Pampu, vali na vipasha joto vya njia nzima lazima visome sekunde ileile, la sivyo ukitafuta ni vali gani ilifunga kwanza hutapata jibu. Ni tatizo lilelile la treni za Mombo, ila limeongezwa nyaya.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia Tanga ikawa chini ya Waingereza, na reli yake ilikuwa imeunganishwa na ile ya Kenya kwa kipande cha Voi hadi Kahe kilichojengwa wakati wa vita. Kuanzia hapo saa za Nairobi ni habari ya jirani anayekuhusu. Na Nairobi haikutulia. Tangu 1908 Kenya ilikuwa saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, ambayo ni karibu sana na jua halisi la Nairobi. Julai 1928 ikasogezwa hadi saa tatu kamili. Januari 1930 ikarudishwa kwenye mbili na nusu. Januari 1937 ikawekwa saa mbili na dakika 45, yaani wakakutana njiani. Agosti 1942 ikarudi saa tatu, na hapo imebaki. Mtu aliyezaliwa Mombasa mwaka 1925 alikuwa amebadilishiwa saa mara nne kabla ya kufikisha miaka kumi na minane.

Saa tatu mbele ya Greenwich ni jua la longitudo 45. Mstari huo haugusi Tanzania hata kidogo. Unapita Somalia, jirani kabisa ya Mogadishu. Kwa maneno mengine, sote kuanzia Tanga hadi Kigoma tunatembea na jua la Mogadishu mkononi. Jua halisi la Tanga liko nyuma ya saa yetu kwa dakika 24 hivi. Adhuhuri ya kweli, jua linapokuwa juu kabisa, haiji saa sita. Kwa wastani inakuja saa sita na dakika 24, na kwa kuwa mwendo wa dunia kulizunguka jua hauko sawa mwaka mzima, inacheza kati ya saa sita na dakika saba mwanzoni mwa Novemba na saa sita na dakika 38 katikati ya Februari.

Sasa ona kilichotokea kwa saa ya Kiswahili, maana hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wanaosema tu kwamba "tumehifadhi hesabu ya mababu". Tumehifadhi namba zake. Msingi wake umebadilishwa. Ile ya zamani ilianzia kwenye kuzama kwa jua, jua la pale uliposimama. Hii ya leo ni saa ya Greenwich, jumlisha tatu, toa sita. Ukiwa Raskazone saa kumi na mbili kamili jioni, jua bado liko hai. Magharibi itaingia kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika 48, kutegemea mwezi. Mshale ule ambao zamani uliwekwa kwenye kumi na mbili kwa kutazama jua, sasa unafika kumi na mbili wenyewe na jua linafuata nyuma. Magharibi ikaacha kuwa bwana wa saa, ikawa jambo linalotangazwa kwa kutumia saa.

Hata hivyo namba zilibaki, na kubaki kwake si jambo dogo. Wajerumani walipita, Waingereza walipita, ratiba za treni na meli zikachapwa kwa saa za Kizungu, na watu wakaendelea kusema saa moja asubuhi huku mshale mfupi uko kwenye saba. Kila mtoto wa Ngamiani anajifunza kutazama namba moja na kutamka nyingine. Tumelizoea zoezi hilo mpaka hatulioni.

Kompyuta inaijua Tanga kwa jina la Nairobi

Fungua mipangilio ya saa kwenye kompyuta yenye Windows uitafute Tanzania. Utakuta mstari ulioandikwa UTC+03:00, Nairobi. UTC ndiyo mrithi wa saa ya Greenwich, saa ya dunia ambayo wengine wote wanajipima nayo. Kwenye Linux na simu nyingi kuna jina letu, Africa/Dar_es_Salaam, lakini ukilifuata ndani utakuta ni kiungo tu kinachokupeleka Africa/Nairobi.

Majina haya yanatoka kwenye hifadhidata ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980, ambayo kwa miaka mingi imesimamiwa na Paul Eggert. Karibu kila seva unayoigusa inaitumia. Kanuni yake ni kwamba maeneo yaliyokubaliana saa tangu 1970 hayahitaji kuwekwa mbalimbali, na 1970 ilichaguliwa kwa sababu kompyuta za Unix zinahesabu sekunde kuanzia Januari mosi ya mwaka huo, saa sita usiku ya Greenwich. (Tanga ilikuwa saa tisa usiku. Ukiona kifaa kilichozimika betri kinaandika 03:00, 1 Januari 1970, sasa unajua kinatoka wapi.) Tanzania na Kenya zimekubaliana tangu 1970, kwa hiyo zikaunganishwa. Kwa jengo la leo hakuna ubaya. Ila wewe mwanafunzi wa historia unayetaka kugeuza saa za telegramu ya mwaka 1912 kutoka Tanga kwa kutumia programu, angalia: kompyuta itakupa mbili na nusu za Nairobi ya Waingereza kwa mji uliokuwa wa Wajerumani, na haitakuonya.

Turudi kwenye jengo letu, sasa tufungue kabati. Vifaa vya BMS vinaongea kwa itifaki kadhaa. Iliyoenea sana inaitwa BACnet. Kazi ya kuitunga ilianza 1987, ikaongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cornell, na chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ASHRAE, kikaichapisha kama kiwango mwaka 1995. Kifaa cha BACnet kinaweza kuwa na kumbukumbu ya saa yake, tarehe yake, na namba moja inayoeleza kiko dakika ngapi kutoka UTC. Tanga ni saa tatu mbele, dakika 180. Kwa hiyo unaandika 180, si ndiyo?

Hapana. Unaandika hasi 180. Kwenye BACnet magharibi ya Greenwich ndiyo chanya na mashariki ndiyo hasi, kinyume kabisa cha azimio la Washington la 1884. New York ni 300, bila alama yoyote. Ukiwa Mmarekani unayeseti majengo ya Wamarekani, inapendeza: huandiki alama ya kutoa maisha yako yote. Wala BACnet si peke yake. Katika mila ya Unix, ukanda unaoitwa Etc/GMT-3 ndio ulio saa tatu mbele ya Greenwich, na Etc/GMT+3 uko saa tatu nyuma. Watu wengi wenye shahada zao wamekwaa hapo.

Sasa fundi anaseti kidhibiti huku laptopu yake inamwambia UTC+03:00. Anaandika 180. Seva inatangaza kwenye mtandao kwamba sasa ni 05:00 UTC. Kidhibiti kinachukua 05:00, na badala ya kuongeza saa tatu kinatoa saa tatu: 02:00. Nje ni saa mbili asubuhi. Ingia tena baadaye: saa saba mchana, kioo kinasoma 07:00. Saa kumi jioni, kioo 10:00. Tanga iko tatu mbele. Ukikosea alama unakuwa tatu nyuma. Jumla ya kosa ni sita, na sita ndiyo tofauti ileile kati ya saa ya Kiswahili na ya Kizungu. Mjini Kigali kosa hilohilo lingekuwa la saa nne. Mumbai, saa kumi na moja. Ni kwenye ukanda wetu tu, wa saa tatu, ambapo kusahau alama ya kutoa kunakizalisha Kiswahili fasaha.

Linganisha na kosa jingine la kiwandani. Vidhibiti vingi vya Marekani vinakuja vikiwa vimewashwa mpango wao wa kusogeza saa mbele kila Machi na kuirudisha Novemba. Usipouzima, jengo la Tanga litaruka lisaa limoja Jumapili ya pili ya Machi. Ila kosa hilo linajitangaza: kioo kinasema 09:00 wakati simu inasema 08:00, au, kwa anayewaza Kiswahili, tisa wakati ni mbili. Halifanani na kitu. Kosa la saa sita linafanana na ukweli.

Na linaweza kujificha kwa muda. BACnet ina namna mbili za kurekebisha saa kwenye mtandao: seva inaweza kutangaza saa ya hapohapo, au ikatangaza UTC na kila kifaa kikajihesabia. Ikiwa inatangaza saa ya hapohapo, ile namba mbovu inakaa tu bila kudhuru mtu. Miaka inapita. Siku seva inapobadilishwa, mpya inatangaza UTC, na asubuhi yake viyoyozi vinakaa kimya. Hakuna aliyegusa kidhibiti.

Fundi wetu akiacha kuishuku gesi, nini kitatokea? Ratiba iliandikwa 06:00 hadi 18:00, kwa hiyo kwa saa ya nje mitambo inawaka saa sita mchana na kuzima saa sita usiku. Watu wanaumia asubuhi, na umeme unateketea kupoza viti vitupu usiku. Akitumia akili ya haraka atabadilisha ratiba iwe 00:00 hadi 12:00. Na itafanya kazi! Viyoyozi vitawaka saa kumi na mbili asubuhi, vitazima saa kumi na mbili jioni. Hata mwisho wa wiki utakaa sawa, maana siku ya kidhibiti itageuka saa kumi na mbili alfajiri, na Jumamosi itaanza kunapokucha. Binafsi kuna upande wangu unaotaka kupiga makofi. Jengo zima limehamia saa za Kiswahili, kiwango cha kimataifa na vyote, bila kibali cha mtu.

Shida inakuja usiku. Tuseme mlango wa stoo umefunguliwa saa nane usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi na kitu kimepotea. Mlinzi aliusikia, akaenda, akaandika kwenye daftari la zamu: 8:00 usiku, mlango wa stoo. Kamera, ambayo inachukua saa yake moja kwa moja kutoka intaneti, inasema Jumamosi 02:00. Mlango wa kadi, ambao uko chini ya BMS, unasema Ijumaa 20:00. Tukio moja, rekodi tatu. Sasa meneja, aliyezoea kusoma ripoti kwa Kiingereza, anaziweka mezani. Daftari linasema nane usiku na mlango unasema 20:00: anaona zinakubaliana, kwamba mlango ulifunguliwa saa mbili usiku, watu wa usafi wakiwa bado kazini. Anarudisha picha za kamera hadi saa hiyo. Haoni mtu mlangoni, wala mlinzi. Anayeitwa kujieleza ni mlinzi, na rekodi mbili kati ya tatu zinamshuhudia vibaya, ingawa yeye ndiye aliyeandika sahihi kuliko wote, kwa lugha yake na kwa neno "usiku" kabisa.

Hapo ndipo mimi naacha kucheka. Hesabu ya saa sita tumeiachia watu wa chini waifanye kichwani kila siku, bure, na wanaifanya vizuri sana. Ikitokea mgogoro, namba ya mashine inaaminiwa kwanza. Simu zenyewe, ukiziweka lugha ya Kiswahili, zinatafsiri menyu na majina ya siku lakini saa zinaiacha ya Kizungu, kana kwamba kuhesabu saa si sehemu ya lugha. Ukinipa jengo mimi, rekodi zote zingehifadhiwa kwa UTC, kioo cha mlinzi kingeonyesha saa mbili pamoja, ya Kizungu na ya Kiswahili, kila moja ikiwa na jina lake, na kabla ya kusaini makabidhiano ningesimama mbele ya kabati saa saba mchana. Saa saba ni wakati mzuri wa kupima. Kioo kizima kitasema 13:00, namba ambayo Mswahili haitamki kamwe, na kikisema 07:00 utajua palepale.

Kuna kona moja ya jengo ambako saa ya Steere bado inafanya kazi: taa za nje. Kuziwasha kwa saa maalumu ni upotevu, kwa kuwa magharibi ya Tanga inacheza nusu saa nzima katika mwaka. Mafundi wazuri wanaweka kihisi mwanga, au wanaipa BMS latitudo na longitudo ili ijihesabie jua litazama lini kila siku. Yaani taa inamfuata bwana wa zamani, magharibi. Unaingiza digrii 5 na dakika 4 kusini, digrii 39 na dakika 6 mashariki. Na hapo pia, baadhi ya programu za jua zinataka mashariki iwe chanya na nyingine zinataka iwe hasi.

Nilijiuliza ukikosea alama hiyo jengo litadhani liko wapi, nikafungua ramani. Digrii 5 kusini, 39 magharibi. Nilitegemea bahari. Ni nchi kavu, ndani ya jimbo la Ceará, kaskazini mashariki ya Brazili, na mji ulio karibu kabisa na alama unaitwa Quixadá, ambao kwa latitudo unapishana na Tanga kwa dakika chache tu za digrii. Mchana wao una urefu sawa na wetu. Saa yao rasmi ni UTC toa tatu. Tanga ikipiga saa moja asubuhi na watoto wako njiani kwenda shule, Quixadá kumelala, na saa za ukutani zinasoma saa moja.